Kikundi chetu cha kufuma kisigeuzwe kikoba

Leo sijaleta mbinu ya kuongeza mauzo, nimeleta ubishi.

Tunaambiana kila siku kwamba unachokipenda kigeuze hela. Ukijua kupika, uza. Ukijua kusuka, toza. Mimi nina duka la rejareja hapa Njombe, nimemaliza kidato cha nne, biashara nimejifunzia humo humo dukani, na nasema vingine tuviache kama vilivyo.

Jumapili mchana nikishafunga duka tunakaa wanawake saba, siku nyingine tisa, tunafuma. Huyu kofia ya mtoto, yule soksi, mwingine ana kitambaa cha kochi mwaka wa pili huu hakijaisha na hakuna anayemuuliza. Baridi ya Njombe mnaijua, mwezi wa sita na wa saba ukikaa bila kushika kitu vidole vinaganda. Tunapiga stori, chai inazunguka, saa kumi na mbili kila mtu kwake. Wiki nzima naongea na watu kuhusu bei. Pale hakuna bei.

Sasa mwenzetu mmoja kaja na wazo. Tuchukue oda ya masweta ya shule, halafu tufungue na kikoba humo humo, kila mtu elfu tano kila Jumapili. Ukilisikia ni wazo zuri. Nimelipinga na bado nalipinga.

Kuna mama mmoja kati yetu anauza mboga, wiki nyingine hata buku hana. Huyo ndiye aliyetufundisha kukunja kisigino cha soksi, kwamba unafuma vitanzi vya katikati tu, unageuka kabla mstari haujaisha, unarudi, mpaka soksi yenyewe inapinda. Mimi nilikuwa nafuma soksi zilizonyooka kama mfuko. Tukiweka daftari la michango, Jumapili ya kwanza atakosa, ya pili ataona aibu, ya tatu hatumuoni tena. Mwenye duka analijua daftari jamani. Mteja wangu akiwa na deni anapita upande wa pili wa barabara, na mimi sijamdai wala kumkunjia uso.

Na hiyo oda yenyewe? Mafundi wenye mashine za kufumia wanamaliza sweta zima sisi bado tunahesabu vitanzi vya kiunoni. Tutashindana nao kwa bei, mikono itauma, tutagombana nani kachelewesha. Naomba nieleweke, vikoba sivipingi, mwenyewe niko kwenye viwili. Kikoba kiwe na siku yake na watu wake.

Halafu kuna hizi nyuzi zangu. Mdogo wangu akiona lile shangazi kaja langu limejaa ananiambia, "Dada, huo mtaji umelala." Sio mtaji. Mtaji uko dukani na una daftari lake. Mimi najilipa posho kila wiki kama ninavyomlipa kijana wa kubeba mizigo, na humo natoa elfu tano ya nyuzi. Ikiisha imeisha, sigusi droo ya duka hata kwa mia mbili. Mwenye duka asiyejilipa ndiye anayechota bila kuhesabu.

Uzi mpya nanunua ule wa akriliki, unafulika bila shida ila pasi ya moto unauharibu. Angalia namba ya loti kwenye lebo. Nyekundu mbili zinaweza kufanana dukani, ukifika kifuani mwa sweta unaona mstari, kwa sababu hazikutiwa rangi pamoja. Chukua za kutosha kwa mara moja.

Raha yangu kubwa lakini ni mtumba. Nimepata sweta la sufu rangi ya haradali, bei yake hainunui hata nyuzi mbili mpya. Kabla ya kulipa, geuza ndani uangalie mishono ya ubavuni. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi kikashonwa kwa ovaloki, liache, ukifumua utapata vipande vipande. Kama kila upande ulifumwa na ukingo wake, uzi unatoka mrefu. Nyumbani chomoa kauzi kidogo ukiguse na kiberiti. Sufu inanuka nywele zinazoungua na jivu lake linasagika, akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu. Ukishafumua, fua kwa maji ya baridi bila kusugua, maana sufu ikipata maji ya moto na kusuguliwa inajikaza, hairudi.

Hilo la haradali nimeshafumua mikono yote miwili. Yule mama wa mboga kaniomba kidogo, anataka kofia ya mjukuu, nimempa donge zima na hatujaandika popote. Jumapili hii suala la kikoba linarudi tena. Kura yangu mnaijua.