Nyanya ghali Bunia: tusishitaki kiangazi peke yake

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa tano, wimbo ni mmoja kwenye Soko Kuu la Bunia: nyanya imepanda, shu imepanda, fungu la lengalenga limekuwa kama ngumi ya mtoto. Ukiuliza sababu, unajibiwa: kiangazi. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu. Nusu ingine iko barabarani, na ndani ya mabonde tunamochimba sisi wenyewe. Ndugu wa machimbo, na mama zetu munaobeba kikapo, tufungue hesabu hii pamoja, ju feza yote ya shimo inaishia ndani ya sufuria.

Tuanze na mvua. Huku kwetu Ituri inaanza mwezi wa tatu, inapungua kidogo katikati ya mwaka, kiisha inarudi na nguvu mpaka mwezi wa kumi na moja. Jua kali ni mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza na wa pili. Watu wengi wanafikiri mvua ikianguka tu, soko litajaa. Hapana. Nyanya inakaa kwenye kitalu karibu mwezi mmoja, halafu inaomba miezi miwili ao zaidi shambani mbele ya kuiva. Shu ni vilevile. Mkulima aliyetia mbegu na mvua ya kwanza atakuletea nyanya karibu mwezi wa sita. Ndiyo maana mwezi wa nne na wa tano unaona majani mabichi kila fasi, na nyanya bado inauma mfuko. Lengalenga ndiyo inakimbia: majuma matatu ao mane, unakata. Sombe nayo haitutupi, ju muhogo unavumilia jua.

Mvua ikizidi nayo ni shida. Nyanya inashikwa na ugonjwa wa majani, inaoza kabla ya kuiva. Na ile iliyopona inapaswa kupita kwenye matope.

Sasa tuangalie barabara. Mboga za Bunia zinaingia kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni milima ya Djugu, yenye baridi na udongo mzuri, kwa njia ya barabara ya taifa namba 27 inayoenda mpaka Mahagi na mpaka wa Uganda. Wa pili ni upande wa Komanda: ndizi na matunda ya Irumu na Mambasa, pamoja na vitunguu, poaro na karoti zinazopanda kutoka Butembo na Lubero kupitia Beni. Wa tatu ni Uganda yenyewe, kwa Mahagi ao kwa ziwa Albert. Tangu mwisho wa 2017 vita ya CODECO imefunga na kufungua mlango wa kwanza mara nyingi. ADF nao wameumiza ule wa Komanda, mpaka magari yakapaswa kungoja msafara wa wanajeshi. Etat de siege ilianza tarehe 6 mwezi wa tano 2021 ili kurudisha usalama. Lakini mama muuza mboga bado anauliza kila asubuhi: leo njia iko wazi?

Kuna jambo lingine tunalisahau. Wakulima wengi wa Djugu walikimbia, wakaingia kwenye kambi za wakimbizi. Yule aliyekuwa anateremsha shu kwa gunia, leo anapanga mstari kununua fungu moja kama wewe. Soko limepoteza muuzaji, limeongeza mnunuzi. Hapo bei haiwezi kukaa chini, hata mvua ikiwa nzuri namna gani.

Tufanye mfano, kila mtu aweke namba zake. Tuseme mama ananunua kikapo cha nyanya kijijini 40.000 FC. Motari anamwomba 15.000. Bariere nne, kila moja 1.000, ni 4.000. Fasi ya sokoni 1.000. Jumla 60.000. Kikapo kinatoa mafungu 100, lakini robo imepondeka njiani. Anabaki na mafungu 75. Kila fungu limemgarimu 800, na bado hajapata faida hata franga moja.

Sasa msimu mzuri umefika, mkulima anateremsha bei nusu: 20.000. Jumla inakuwa 40.000. Gawa kwa 75: fungu ni karibu 530. Mkulima amepoteza nusu ya feza yake, lakini wewe mnunuzi umepata nafuu ya theluthi moja tu. Ile ingine imekulwa na safari, bariere na kuoza. Kwa hiyo msimu mzuri unamfukarisha mkulima bila kukushibisha wewe. Mwaka unaofuata analima kidogo, ao anaacha jembe na kuja kuomba fasi kwenye shimo letu.

Na hapa, wakamarade, tunafika kwenye neno gumu. Kiangazi, mlima ukikauka, mboga inatoka wapi? Inatoka chini bondeni, kandokando ya mito, fasi yenye maji. Wamama wanalima matuta, wanamwagilia na bidoni. Bonde hilohilo ndilo lenye mchanga wa dhahabu. Na miezi hiyohiyo, maji yakipungua, ndipo sisi tunashuka na pompi na chepeo. Tunapindua mto, tunaacha mashimo, na maji yanayoteremka yanakuwa tope tupu. Mama aliye chini hana tena maji ya kumwagilia. Bei ya dhahabu nayo inatusukuma: mwezi wa kumi 2025 ilipita dola 4.000 kwa aunsi kwenye soko la dunia. Ikipanda, kila bonde linakuwa shantie.

Mwenzangu ataniambia: gramu moja inalipa kuliko matuta kumi ya nyanya. Siku ya kuchimba, ndiyo. Lakini shimo linatoa mara moja, bonde la mboga linatoa kila kiangazi. Na gramu ile haiko yako yote: PDG ana sehemu yake, mwenye pompi ana yake, mnunuzi wa dhahabu anakata yake. Nyanya ikipanda, hakuna wa kugawana naye hasara. Inaangukia nyumba yako peke yako, na zaidi machimboni, ambako unakula kwa deni mpaka dhahabu itoke. Mama anayekukopesha hajui kama shimo litatoa. Anaweka hatari hiyo ndani ya bei, na ana haki. Ndiyo maana sahani machimboni inaweza kupita bei ya mjini, hata kama shamba liko nyuma ya kilima.

Wazee wa Kilo-Moto wanakumbuka posho: kampuni ilijua kwamba mchimbaji asiyekula hachimbi. Leo hakuna anayetupatia posho. Basi chakula kiwe neno la sendika, sawa vile mbao za shimo na kofia.

Naona mambo manne tunayoweza kushika. Moja: mbele ya kufungua shantie bondeni, PDG, kooperative na wamama wenye matuta wakae chini, wapime sehemu ambayo haitaguswa, upande wa juu ambako maji bado ni safi. Kode ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamwomba mchimbaji wa mikono aheshimu kanuni za matumizi ya maji na za kulinda mazingira. Tusiseme hatujui. Mbili: udongo mweusi wa juu uwekwe pembeni, na shimo likiisha lifunikwe nao. Jembe litarudi.

Tatu: tununue kwa pamoja. Timu ya watu ishirini ikichanga feza mbele, inaweza kuchukua kikapo kizima kwa mkulima, kwa feza ya mkono, bila bei ya deni. Ine: sendika ziombe wakubwa wa jimbo waandike wazi, kwenye kila bariere, kinacholipwa na risiti yake. Bariere isiyo na risiti iondoke. Angalia mfano wetu: zile 4.000 zikiondoka, kila fungu linapungua zaidi ya franga 50, na hakuna mkulima aliyeumia.

Kwa mama wa nyumbani, tuta moja la lengalenga nyuma ya nyumba, kwa maji yaliyooshea mboga na mchele, linaweza kuvusha watoto miezi miwili mibaya.

Mvua hatuiamrishi, wala bei ya dhahabu. Lakini bonde linalochimbwa liko chini ya chepeo zetu, na mbele ya kuishusha tuko na ruhusa ya kuuliza: mwezi wa pili tutakula nini?