Nyota Inayochelewa na Uchunguzi wa Dhamiri

Katika kundinyota la Nge kuna mfumo wa nyota mbili unaoitwa AR Scorpii. Mojawapo ni nyota kibete nyeupe, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota kumaliza moto wake. Hujizungusha mara moja kila baada ya dakika 2 hivi, na mwanga wa mfumo huo hupiga kwa mapigo.

Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza kwamba nyota hiyo inapunguza kasi. Mwaka 2018 watafiti wa Afrika Kusini walipinga: data zilizotumika hazikutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, chuo cha Kikatoliki nchini Marekani, walileta vipimo vipya vilivyothibitisha kwamba kweli inapungua.

Kwa mwaka mzima, muda wa mzunguko mmoja hurefuka kwa takriban sehemu 20 tu za milioni ya sekunde. Hakuna awezaye kuliona hilo kwa usiku mmoja. Lakini kuchelewa hujilimbikiza: baada ya mwaka, pigo hufika likiwa limechelewa sekunde kama 3, baada ya miaka 5, zaidi ya dakika moja. Na anayeacha kupima kwa muda mrefu hupoteza hesabu ya mapigo, asijue limechelewa lipi.

Hapa sisi mafrateri tuna la kujifunza, na waamini parokiani pia. Tumezoea kungoja mafungo ya mwaka ndipo tujiulize tumefikia wapi. Tunaona hayatoshi. Ni wachache wanaoacha sala kwa kuamua siku fulani. Wengi hupunguza dakika moja leo, nyingine kesho, na kila jioni hujiona wako vilevile. Siku wanapogundua, hawakumbuki walianza kupoa lini.

Ndiyo maana Kanisa limetuwekea uchunguzi wa dhamiri katika Sala ya Mwisho, kila usiku. Tusiugeuze kuwa kimya kifupi cha kupita haraka kabla ya kulala. Nyota haina uhuru. Haiwezi kurudisha kasi yake kwa kutaka. Sisi tunaweza, kwa neema ya Mungu na kwa kitubio, mradi tujue mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; lakini ufa huzibwa na aliyeuona.