Zimeni Spika, Tuwasikie

Kwa wiki tatu nyumba yetu ilikuwa na wimbo mmoja. Binti yangu wa miaka mitano aliuimba akiogeshwa, akisukwa, akisubiri uji upoe. Ubeti wa pili aliukosea kila siku palepale, akacheka, akaanza upya. Siku ya mahafali ya chekechea niliwahi kiti cha mbele ili nimsikie.

Sikumsikia. Spika mbili zenye kimo changu zilisimama kila upande wa jukwaa. DJ akabonyeza, na sauti za watu wazima waliorekodi studio zikajaa ukumbini. Watoto walifungua na kufumba midomo, mwalimu amechuchumaa mbele yao akiwaonyesha mikono. Wangu nilimwona mishipa ya shingo imemtoka. Yeye alikuwa anaimba kweli.

Hata wimbo wa taifa ulitoka kwenye flashi. Wimbo huo chanzo chake ni Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya huko Afrika Kusini, aliyeutunga mwaka 1897. Leo wanafunzi wetu wanasimama wima, wanausikiliza.

Majibu nayajua, nimeshapewa. Watoto wana aibu. Wanasahau. Wazazi wamelipa mchango, wanataka shoo. Hilo la mwisho ndilo la kweli, na ndilo linaloniudhi, kwa sababu linatuhusu. Tunalipia joho (mimi la shahada ya uzamili bado sijalivaa, mwanangu kanitangulia), turubai, keki, MC na mpiga picha. Tukishalipa, kila kitu lazima kitoke safi kama harusini, na sauti ya mtoto wa miaka mitano haitoki safi. Basi inaondolewa. Tusiwasingizie walimu peke yao: nusu yetu tulikuwa tumeinua simu, tukirekodi rekodi.

Na hili la kusahau? Ngonjera alizozieneza Mathias Mnyampala baada ya Azimio la Arusha la 1967 zilisemwa shuleni miaka na miaka bila DJ. Mtoto alisimama, akasahau, mwenzake akamnong'oneza, akaendelea. Mama yangu alisahau mstari wake mbele ya shule nzima. Mpaka leo huusema akiwa anakuna nazi, tena kwa majigambo.

Ubeti wa kwanza ulikuwa umeisha umeme ulipokatika. Spika zikanyamaza, na watoto wengi wakanyamaza nazo, wakimtazama mwalimu. Wachache hawakunyamaza. Waliendelea, kila mmoja kwa mwendo wake, mmoja mbele, mwingine nyuma, na wangu akafika pale pake akakosea. Safari hii hakucheka, alisonga mbele. Kwa kama nusu dakika ukumbi ulitulia. Simu zikashuka. Babu mmoja nyuma yangu akasema, "Kumbe wanaimba!" Kisha jenereta likaunguruma, studio ikarudi, na baada ya wimbo MC akashika kipaza sauti kutuomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.

Usumbufu!

Ndani ya daladala binti yangu aliniuliza, "Mama, umenisikia?" Nikamwambia nimemsikia, na kwa hisani ya umeme kukatika sikuwa nimemdanganya. Waliopanda jukwaani baada yake waliimba jenereta likiwa limeshawaka. Sijui wazazi wao walijibu nini.

Karibuni tutaitwa kwenye kikao kupanga mahafali ya mwakani, na karatasi ya michango itapita mkono kwa mkono. Ya keki nitatoa. Ya turubai nitatoa. Kwenye mstari wa spika nitaandika sifuri, na naomba wazazi wenzangu mkiifikia karatasi hiyo msiijazie sifuri yangu. MC abaki na kipaza sauti chake kimoja. Viti tuvisogeze karibu na jukwaa, watoto waimbe, wakosee palepale.