Hesabu Kwanza Feza ya Kurudi

Mwezi huu nataka tuongee juu ya jambo ambalo wazee wengine watashangaa kuliona katika ukurasa huu: safari ya kupumzika kisiwani pamoja na marafiki.

Siku moja ya posho, jioni, vijana watano wa hapa kwetu Lusangi walibisha hodi kwangu. Wanaume watatu, mabinti wawili, wote waimbaji. Wawili wanachimba dhahabu, mmoja anauza vitambaa, mmoja anafundisha shule ya msingi, wa tano anasaidia baba yake shambani. Mama Pasta aliwapa chai. Walipomaliza kunywa, mmoja akatoa simu akanionyesha picha: maji ya buluu, mchanga mweupe, minazi imeinama.

“Pasta, ni Zanzibar hii. Tunataka kwenda siku nne tu, tupumzike na sisi. Tulikuja utuombee.”

Nikawauliza, “Mulihesabu?”

“Ndiyo, Pasta.” Wakanisomea kikaratasi chao. Chakula kilikuwamo, nguo za kuogea zilikuwamo, picha za kupiga zilikuwamo.

“Na feza ya kurudi iko wapi?”

Wakaangaliana. Yule mwalimu akacheka kidogo, halafu akanyamaza.

Ndugu msomaji, sikuwafukuza. Kupumzika si zambi. Mtu aliyeshinda mwaka mzima ndani ya shimo, akisikia udongo unaanguka nyuma yake, ana haki ya kuona maji na mbingu. Tena sisi sote tunajua feza ya dhahabu inavyokwisha. Usiku mmoja wa pombe unaweza kumeza kazi ya miezi mitatu. Kijana anayeweka kidogo kidogo kwa ajili ya safari na marafiki zake, huyo ameanza kujifunza kungoja. Lakini niliwaambia: “Kaeni kwanza. Mbele ya kuomba, nitawapa habari ya aibu yangu.”

Nilipokuwa kijana katika shule ya Biblia, kule Kivu, tulikuwa marafiki wanne. Tulipanga kwenda Idjwi siku mbili. Ninyi mliofika Bukavu mnakijua kisiwa hicho, kirefu kama kilometa 40, katikati ya ziwa Kivu, chenye mananasi matamu. Mimi ndiye nilishika mfuko. Watatu tulitoa feza yote tuliyopatana. Wa nne alitoa nusu, maana baba yake alikuwa amekufa na mama alimtumia kidogo sana. Tulimwambia, “Haizuru, twende tu.” Hatukusema nusu nyingine itatoka wapi. Tuliona haya kusema.

Kule tulikula samaki, tulinunua mananasi ya kupelekea watu. Nilifungua mfuko, nikafunga, nikafungua tena. Asubuhi ya kurudi nikahesabu pale kwenye masuwa: nauli ya watu watatu. Tulitazamana, na macho yetu yote yakaenda kwa yule aliyetoa nusu. Hakuna aliyemwambia baki. Yeye mwenyewe alisema, “Endeni, mtanitumia.” Tukapanda. Mananasi yetu tukapanda nayo.

Tulichelewa kumtumia. Alikaa siku tano kwa watu asiowajua, akakosa mtihani, akarudia mwaka. Hakutugombeza hata siku moja. Ila hakula tena nasi meza moja. Miaka mingi baadaye nilimtafuta nikamwomba msamaha. Alinisamehe, alinipa hata kiti na chakula. Lakini urafiki ule wa zamani haukurudi. Ulibaki kule bandarini.

Ndiyo maana nawaambia ninyi vijana, na ninyi wazazi mnaombwa ruhusa: safari ya marafiki haiharibikii njiani. Inaharibikia nyumbani, siku ile mnapoona haya kuongea juu ya feza. Sasa tuhesabu pamoja.

Jambo la kwanza ni kurudi. Watu wengi wanahesabu kwenda, halafu kukaa, halafu kinachobaki ndicho cha kurudi. Geuzeni. Nauli ya kurudi ya kila mmoja, kutoka kisiwani mpaka mlango wa mama yake, itoke kwanza. Muiweke kwa mtu asiyesafiri, ama muishone katika nguo, ama kila mtu ashike yake, lakini isiguswe, hata kama kuna mananasi matamu namna gani. Ongezeni juu yake chakula cha siku chache, maana masuwa inaweza kukawia na treni vilevile.

Jambo la pili ni siku. Vijana wangu walisema siku nne. Nikawachorea njia. Kutoka Lusangi mtatafuta Kalemie, kwa pikipiki na kwa gari, na ninyi mnazijua barabara zetu wakati wa mvua. Kutoka Kalemie mtavuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma. Kutoka Kigoma kuna reli ya zamani ya Wajerumani, iliyofika ziwani mwaka 1914, zaidi ya kilometa 1200 mpaka Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam masuwa ya mbio inavuka bahari mpaka mji wa Unguja kwa muda wa kama saa mbili. Kwa hiyo siku nne za kisiwani zinazaa siku nyingi za njiani, kwenda na kurudi, na kila siku ya njiani inataka kula na kulala. Mwalimu ataomba ruhusa ya siku ngapi? Shamba litalimwa na nani? Tena mchague majira. Kule pwani mvua kubwa ya masika ni kutoka Machi mpaka Mei. Mkienda wakati huo, mtatazama bahari kupitia dirishani.

Jambo la tatu ni karatasi. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, na wengine wanafikiri sasa kadi ya uchaguzi inatosha. Usijidanganye. Tafuta pasipoti yako mapema, maana inataka feza na uvumilivu. Karatasi ya chanjo ya homa ya manjano inadaiwa kwa mtu anayetoka kwetu kuingia Tanzania. Tena tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inadai wageni wa inchi za nje walipe bima ya safari. Ilipotangazwa ilikuwa dola 44 kwa mtu mzima. Mambo ya viza na bima yanabadilika, basi ulizeni kwa wenye kazi hiyo, si kwa mtu wa bandarini anayesema “nipe mimi, nitakupitisha.” Na habari za usalama wa njia muulize kwa wale waliopita juzi, si kwa wale waliopita mwaka jana.

Jambo la nne ni masuwa. Hapa sitacheka na ninyi. Desemba 2014 masuwa iliyoitwa Mutambala ilizama katika ziwa Tanganyika, upande wetu wa Kalemie, na zaidi ya watu 120 walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa Victoria, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilitengenezwa kwa watu 101. Waliokufa peke yao walipita 220. Tarehe 3 Oktoba 2024 masuwa iliyotoka Minova ilizama mbele ya macho ya watu, karibu kufika bandari ya Kituku, Goma. Kila mara tunasikia habari moja: watu na mizigo walizidi. Basi mkiona imejaa, shukeni. Mkiona hakuna majaketi ya kuokolea, msipande. Usiku na wakati wa upepo mkali, ngojeni. Someni Matendo ya Mitume sura ya 27: ndani ya ile merikebu walikuwa watu 276, Paulo aliwaonya mapema, lakini waliokuwa na haraka walisikiliza mwenye chombo. Feza ya kulala siku moja zaidi bandarini ni feza ya uzima wenu. Nayo muihesabu.

Jambo la tano ni mwenzenu mwenye kidogo. Katika kila kundi yupo. Msimwambie “haizuru.” Mwambieni ukweli kwa upendo, mbele ya safari: “Inakosekana kiasi hiki. Tufanye nini?” Majibu ni matatu tu. Ama ninyi wengine mnaongeza na kusahau, bila kumkumbusha kule mbele ya watu. Ama mnapunguza safari mpaka imfae. Ama mnangoja mpaka apate. Jibu la nne, la kwenda naye na kuona kule kule, ndilo nililolichagua mimi. Ninyi msilichague. Mfuko ushikwe na mmoja, daftari iandikwe na mwingine, na kila jioni wote wasikie hesabu.

Jambo la sita ni nyumba. Aliye na mke asiseme anakwenda “kutafuta soko la dhahabu.” Aage kwa kweli na aache chakula. Wazazi wa mabinti wajue majina ya wote wanaokwenda, na nyumba watakayolala, na vyumba viwe mbali. Kule visiwani watu wengi ni Waislamu, kama ndugu zetu wengi wa Kasongo. Mavazi ya pwani yabaki pwani. Mjini jifunikeni kwa heshima. Wakati wa Ramadhani msile njiani mchana mbele ya watu wanaofunga. Mtakuta wanasema Kiswahili, nao watacheka mkisema “masuwa,” maana wao wanasema meli au boti. Chekeni pamoja nao. Lugha hii ilikuja kwetu kutoka kwao.

Na ilikuja kwa njia gani? Hapa vijana wangu walinyamaza kabisa. Ile njia niliyowachorea si mpya. Karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilitoka Nyangwe na Kasongo, ikapita Kabambare, ikafika ziwani Mtowa, ikavuka mpaka Ujiji, jirani na Kigoma ya leo, ikaendelea Tabora, mpaka Bagamoyo na Unguja. Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, alifanya Kasongo kuwa makao yake kutoka mwaka 1875. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini huku kwetu kukamata watu hakukukoma siku hiyo. Vita vya kuvunja utawala wa Waarabu hapa Maniema vilipiganwa miaka ya 1892 mpaka 1894. Tippu Tip alirudi kwao, akafa Unguja mwaka 1905, na nyumba yake ya Shangani ingali pale. Watu wetu waliopita njia hiyo na kamba shingoni, hao hawakurudi.

Niliwaambia vijana: mkifika Unguja, nendeni pwani, ogeleeni, nendeni hata kisiwa cha Changuu mkaone kobe wakubwa walioletwa kutoka Seychelles. Furahini. Lakini nusu siku moja mpeleke Mkunazini. Pale palipokuwa soko, Waanglikana walijenga kanisa kuu. Nje yake kuna sanamu za watu wamefungwa minyororo, wamesimama ndani ya shimo. Ninyi mnaojua shimo ni nini, mtawaelewa upesi kuliko watalii wengine. Simameni pale kidogo. Huenda mmoja wao alitoka bonde letu. Ninyi mmekuja kwa miguu yenu, kwa feza yenu, na nauli ya kurudi iko ndani ya nguo. Hakuna aliyewapa hiyo bure; shukuruni.

Vijana walikwenda. Baada ya wiki mbili walirudi na kikaratasi kipya. Safari hii kurudi kuliandikwa juu kabisa. Hesabu ilionyesha wazi kwamba yule wa shambani hatafika hata nusu. Waligombana, waliniambia bila kuficha. Mmoja alitaka waende wanne. Binti mwalimu akauliza, “Na tukirudi, tutaimba naye namna gani?” Wakaamua kungoja kiangazi cha mwaka unaokuja, wakati shule zimefungwa, na wakaanza likelemba: kila mwezi kila mtu anatoa kidogo, na wa kwanza kujaziwa ni yule wa shambani. Kisanduku cha nauli ya kurudi kiko kwa Mama Pasta, na ufunguo uko kwa mzee mmoja wa kanisa.

Sijui kama wataona bahari. Bei ya dhahabu inapanda na kushuka, na njia inafunguka na kufungwa. Lakini siku ya yenga iliyopita niliwatazama wakiimba, watano, wamesimama bega kwa bega, nikamkumbuka rafiki yangu wa Idjwi. Kama wataenda, watano wataenda, na watano watarudi.

Na wewe msomaji, kama mnapanga safari, hata ya kwenda ziwani Kalemie siku mbili, kaeni chini leo na marafiki zako, chukueni kikaratasi, muandike kurudi mstari wa kwanza. Tuonane mwezi ujao, Bwana akipenda.