Si kila bunduki ya zamani ni ya Tippu Tip

Kuna neno moja linaloharibu historia ya Maniema ya kusini, na tunalirudilia kila siku bila haya. Neno lenyewe ni hili: «Bunduki hii ni ya Tippu Tip.» Nenda Kasongo, nenda Kabambare, penye familia iliyotunza bunduki ya zamani utaambiwa hivyo. Mtutu umekula kutu, kitako kimefungwa na waya, na mwenye nyumba anaapa ya kwamba babu yake aliipokea mkono kwa mkono. Kama zote zingekuwa zake, yule mzee angehitaji kiwanda chake mwenyewe!

Miye ninafundisha historia katika shule ya sekondari, na ninasema wazi: nyingi ya hadithi hizi haziwezi kuwa kweli. Ushahidi hauko mbali, uko juu ya chuma chenyewe. Shida ni kwamba hatutaki kukisoma.

Tuanze na tarehe ambazo kila mwanafunzi angepaswa kuzijua. Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, alikaa Kasongo tangu miaka ya 1870. Mwaka 1887 mfalme Leopold wa Pili alimfanya liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Mwaka 1890 aliondoka kurudi Zanzibar, na huko alikufa 1905. Mwanawe Sefu alibaki nyuma, na Kasongo ilitekwa na jeshi la Dhanis tarehe 22 Aprili 1893.

Sasa tuangalie chuma. Bunduki nyingi za biashara zilizoletwa Afrika zilitoka Liège, Ubelgiji. Kule mitutu ilipelekwa kwanza katika nyumba ya majaribio, ikajazwa baruti na kupigwa ili ionekane kama itapasuka. Mtutu uliovumilia ulitiwa chapa: herufi ELG ndani ya duara refu kama yai. Tangu mwezi wa Julai 1893, chapa hiyo iliwekewa taji juu yake. Basi hesabu mwenyewe. Chapa yenye taji ilipigwa baada ya Kasongo kuanguka, na miaka mitatu baada ya Tippu Tip kwenda zake. Mtutu wenye taji hakuushika hapa Kasongo hata siku moja.

Kuna alama nyingine. Tangu 1922 wajaribu wa Liège waliongeza herufi ndogo ya mwaka: a ni 1922, b ni 1923, na kuendelea. Herufi PV pamoja na simba maana yake mtutu ulijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Na kalibri 12 yenye herufi FN? Kiwanda hicho kilianzishwa Herstal mwaka 1889 juu ya kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Bunduki zake za kuwinda zilikuja kisha. Hizo ni za wakati wa Wabelgiji, si wakati wa Waarabu.

Wengine wanaona nimero 1876 kwenye chuma, wanashangilia ya kwamba ni mwaka. Jamani, nimero si mwaka! Katika viwanda vikubwa kila bunduki ilipewa nimero yake, na nimero ikaandikwa katika daftari: bunduki iliagizwa na nani, ilimalizika lini, ilitoka ghalani lini. Madaftari ya Winchester, kwa aina nyingi za zamani, yanatunzwa mpaka leo katika makumbusho ya mji wa Cody, Marekani. Nyumba za Uingereza kama Purdey na Holland & Holland zina yao. Ukiwa na nimero kamili, unaweza kuandika barua na kuuliza. Lakini bunduki za bei ndogo za Liège zilipita mikononi mwa mafundi wengi, kila mmoja na kipande chake. Nimero yake mara nyingi ni ya kulinganisha vipande tu, ili visichanganyike na vya bunduki nyingine. Ndiyo sababu kwetu chapa inasema zaidi kuliko nimero.

Utaniambia: «Mwalimu, hii yetu ni ya jiwe, ile ya kutia baruti mdomoni. Namna gani haiko ya zamani?» Umbo linadanganya, ndugu yangu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuletwa kwa watu wa sehemu hizi. Ziliachiwa njia zile duni za jiwe. Kwa hiyo mafundi wa Liège waliendelea kutengeneza za jiwe kwa ajili ya Afrika wakati Ulaya yenyewe ilikwisha kuzisahau. Na kumbuka: hata chapa isiyo na taji inasema tu kwamba mtutu ni wa kale. Haisemi nani aliubeba.

Hapo ndipo wazee wanahitajika. Wapo wanaolalamika ya kwamba ninapinga maneno ya wazee kwa alama za Wazungu. Hapana. Chapa inajua mwaka, mzee anajua mtu. Mara nyingi mzee mwenyewe alisema kwa unyofu: «Baba aliinunua.» Wajukuu ndio waliomtia Tippu Tip ndani, sababu jina kubwa linaleta heshima barazani na bei kwa mnunuzi.

Heshima gani hiyo? Tippu Tip mwenyewe alieleza jina lake kuwa ni mlio wa bunduki zake masikioni mwa watu waliokimbia. Waliokimbia ni nani, kama si wazee wetu? Wengi wetu hapa tuna damu ya waliobeba bunduki na damu ya waliofungwa minyororo pia. Kufanya kila mtutu zawadi ya bwana mkubwa ni kuwazika mara ya pili wale waliosimama mbele ya mdomo wake. Na ni kumwonea haya babu mwindaji aliyepata kalibri 12 wakati wa Wabelgiji, akalisha watoto wake nyama. Huyo hana kosa lolote. Kwa nini tunamfuta?

Basi ninaomba mambo matatu. La kwanza, tuache kusugua mitutu kwa mchanga na msasa ili ing’ae: kila ukisugua unakula herufi. La pili, shirika letu lifungue daftari. Tuchore chapa zote kama zilivyo, tuandike nimero, na pembeni maneno ya mzee kama alivyoyasema, bila kutaja bunduki iko nyumba gani, sababu vita vimetufundisha tahadhari. La tatu, asiuze mtu kabla chuma hakijasomwa. Huenda kati ya zote ikapatikana moja iliyokuwa kweli Kasongo kabla ya 1893. Hiyo nayo itapotea sokoni kwa bei ya chuma chakavu kama tunaendelea kuziita zote kwa jina moja.