Gari la taka la Marekani, taka za Tandale

Wadau, halmashauri ikinunua magari mapya ya taka lazima picha zipigwe: mgeni rasmi, utepe, na malori yanayong'aa yenye mtambo wa kushindilia nyuma. Makofi. Mimi huwa najiuliza swali moja tu: hivi lile gari lilibuniwa kwa taka za nani?

Za Wamarekani. Kampuni ya Gar Wood ilitoa gari la kushindilia taka huko mwaka 1938, na hesabu yake ilikuwa safi. Taka za nchi tajiri ni maboksi, makaratasi na makopo, yaani hewa kibao. Mita moja ya ujazo ina kilo 100 hadi 170 hivi. Ukishindilia, lori moja linabeba mzigo wa malori matatu. Nani asingenunua?

Sasa njoo Dar. Zaidi ya nusu ya taka zetu ni za jikoni: maganda ya ndizi, makapi ya nazi, mabaki ya ugali, halafu na mchanga wa kufagia uwanja. Taka za namna hii zina kilo 250 hadi 500 kwa mita ya ujazo kabla hujazigusa. Unashindilia nini hapo jamani? Maji! Yanachuruzika barabarani (waliowahi kukaa foleni nyuma ya gari la taka wananielewa), mchanga unakwangua vyuma, na lori likijaa linazidi uzito. Mtambo ukifa spea inasubiriwa kutoka ng'ambo, lori linaota majani yadi. Na hata likiwa zima, kwenye vichochoro vya Tandale haliingii.

Wenzetu wengine wamelifikiria upya. Taiwan wanatumia magari ya kushindilia, sawa, lakini gari linapita kwa ratiba likipiga muziki, kama ule wa Beethoven wa "Für Elise" (eeh, ule wa milio ya simu). Watu wanatoka na mifuko yao wanatupia wenyewe, hakuna rundo linalokaa chini kusubiri. India wameenda mbali zaidi. Miji mingi inatumia vigari vidogo kama Tata Ace, kilichoanza kuuzwa 2005. Kinapenya uchochoroni, kikijaa kinakwenda kumwaga kwenye kituo cha kuhamishia, lori kubwa ndiyo linaenda dampo. Kule Indore vina vyumba tofauti vya taka mbichi na kavu.

Kinachoniuma ni kwamba nusu ya mfumo huo tunao tayari. Vijana wa guta wanaingia kila kichochoro, wengi bila glovu wala buti, na watu wanawalipa mfukoni mwao. Tatizo wakamwage wapi? Dampo la Pugu Kinyamwezi ni mbali mno kwa guta. Basi mzigo unaishia bondeni au Mto Msimbazi, na mvua ikinyesha unaturudia sebuleni.

Sisemi magari ya kushindilia yasinunuliwe kabisa. Posta na maofisini yanafaa. Ila badala ya kununua kumi, nunua matatu, hela inayobaki jenga vituo vya kuhamishia karibu na mitaa na uwape hao vijana vifaa na mikataba.

Wa Mwanza, nyie mnaokaa juu ya mawe, taka zenu zinashukaje? Na Mombasa, vichochoro vya Mji wa Kale gari gani linaingia? Tupeni habari.