Maoni Yetu: Bila kipimo cha damu, tarehe ya upasuaji isitolewe

Kubadilisha nyonga au goti kwa kawaida hakufanywi kwa dharura. Mgonjwa ambaye goti limelika hupangiwa tarehe wiki kadhaa kabla, pengine miezi. Muda huo ni mali. Wekundu wa damu ukipimwa siku ya kulazwa na kukutwa uko chini, nafasi ya kutibu imeshapita: ama ndugu watafute wachangiaji damu, ama upasuaji uahirishwe.

Kipimo kifanyike siku ileile daktari anapoamua upasuaji. Mwanamume aliye chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke aliye chini ya 12, atafutiwe chanzo: lishe duni, minyoo, hedhi nzito, au vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, ambavyo huweza kuletwa na dawa za maumivu alizomeza miaka yote kwa ajili ya goti hilohilo. Akipungukiwa madini ya chuma, apewe vidonge mapema, au dripu ya chuma ikiwa muda ni mfupi.

Chumba cha upasuaji nacho kina silaha yake. Asidi ya traneksamiki, iliyovumbuliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke na kutangazwa mwaka 1962, huzuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Hupunguza wazi damu inayopotea kwenye nyonga na goti, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa aliyewahi kupata mabonge ya damu kwenye mishipa aangaliwe kwa makini zaidi.

Wodini, chupa ya damu isitundikwe kwa mazoea. Mgonjwa wa mifupa aliyetulia, asiye na dalili mbaya, anaweza kungojewa mpaka wekundu ushuke chini ya 8.

Damu ya kuongezewa huokoa maisha, lakini ina hatari zake, na haitoshi. Chupa iliyobaki benki itamfaa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Yeye hakupangiwa tarehe.

Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulihimiza utaratibu huu tangu 2010. Tunataka hospitali zinazobadilisha viungo ziuandike kuwa kanuni, na bima zinazolipia nyonga bandia zilipie pia kipimo na madini ya chuma. Gharama yake ni ndogo mno kuwa kisingizio.